Mtoto Alilala Garsen: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kaunti ya Lamu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti, na Waheshimiwa wawakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti,

Assalaam aleikum. Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili, la kuwapima watu wetu usikivu hapa hapa Lamu, si langu peke yangu.

Kwetu mtoto akizaliwa, babake au babu yake humpakata akamsomea adhana katika sikio la kulia. Mwanangu alisomewa na babu yake. Nilikuwa nimelala kwa ubavu nikiwatazama, mzee ameinama mpaka ndevu zinagusa shavu la mtoto, anasoma kwa sauti ya chini kama anayempa mtu siri. Leo mtoto yule ana miaka 7 na hasikii maneno. Maradhi yaliyomwondolea usikivu yalimwanza siku ya tatu, kwa hivyo naamini adhana ile aliipata.

Siku hiyo ya tatu macho yake yaligeuka manjano. Ya tano alikuwa hanyonyi tena, amelegea, na ngozi imekuwa ya rangi ya embe bivu hadi nyayo. Tukalazwa. Akawekwa chini ya taa ya buluu, amefunikwa macho, na akadungwa jentamisini, dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa ilihofiwa ana maambukizi kwenye damu. Alikaa humo siku 9. Wauguzi walihangaika naye usiku na mchana, na mpaka leo nawaombea dua. Bila wao nisingekuwa na mtoto. Tulipotoka, kijitabu cha kliniki kiliandikwa uzito wake na tarehe ya chanjo. Kuhusu masikio hakuna aliyesema neno, na hapakuwa na kitu cha kuyapimia.

Lakini yale mambo mawili yaliyomkuta, manjano kali na jentamisini, yanajulikana duniani kote kuwa ni hatari kwa usikivu, na kila moja hupiga mahali pake. Jentamisini inaweza kuua seli zenye vinywele zilizo ndani ya koklea, kile kiungo kidogo kama punje ya njegere kilichojikunja mfano wa konokono ndani ya mfupa wa kichwa. Seli hizo zikifa hazioti tena. Manjano hupiga mbele zaidi: bilirubini, ile rangi ya manjano yenyewe, ikizidi kwenye damu hudhuru neva ya kusikia na vituo vyake katika shina la ubongo. Konokono anaweza kubaki mzima kabisa, na habari isifike kwa mwenyewe. Tofauti hiyo, waheshimiwa, ndiyo iliyotupotezea karibu miaka miwili.

Alipofika miezi 8 niliona hageuki nikimwita. Mavyaa wangu akachukua mfuniko wa sufuria, akasimama nyuma yake akaupiga kwa mwiko. Mtoto akageuka. Nyumba nzima tukashusha pumzi. Ilinichukua muda mrefu kukumbuka kwamba mavyaa alikuwa amesimama kati ya mtoto na dirisha, na kwamba kivuli cha mkono wake kilipita juu ya mkeka kabla ya mfuniko kulia. Mtoto aligeukia kivuli.

Kisha yakaja maneno ambayo kila mama wa Lamu ameyasikia: watoto wa kiume huchelewa kusema, mjomba wake naye alisema akiwa na miaka mitatu, mwacheni. Nami sikuwa na hakika, kwa sababu siku nyingine punda akilia uchochoroni mtoto huruka, na kesho yake punda yule yule akilia mlangoni hashtuki.

Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi minne, walikuja wapimaji wa masikio kwa siku mbili. Nilipanga foleni tangu alfajiri. Kijana mmoja mpole alimtia mwanangu kijipira sikioni, mashine ndogo kama simu ikatoa milio, taa ya kijani ikawaka. Akafanya sikio la pili, kijani tena. "Amepita, mama." Niliporudi nyumbani nilinunua halua nikawagawia majirani. Na kuanzia siku hiyo, kila nilipoingiwa na shaka nilijiambia, si amepimwa?

Kijana yule hakunidanganya. Mashine yake ilijibu swali lake sawasawa. Mwaka 1978 mwanasayansi wa Uingereza, David Kemp, alionyesha kwamba koklea nzima inapopata sauti hurudisha nje mwangwi mdogo sana, na mwangwi huo unaweza kunaswa kwa kinasa sauti kilichowekwa tundu la sikio. Mwangwi ukirudi, maana yake zile seli za nje za koklea zi hai. Kipimo hiki ni kizuri, hakiumizi, kinachukua dakika chache, na kinafaa kupimia watoto wengi. Ila kinaishia hapo kwenye konokono. Neva iliyo nyuma yake, na njia ya kupanda ubongoni, hakizigusi. Kwa mtoto aliyeugua manjano kali, ni kama kukagua bomba la uwanjani ukaona lina maji, ukaandika kwamba jikoni maji yanafika.

Kinachogusa huko nyuma ni kipimo cha umeme. Jirani yangu aliposikia neno hilo alishika kifua: "Watamchoma mtoto!" Naomba nilieleze hapa kwa sababu najua wazazi wengine wataogopa kama yeye. Hakuna umeme unaoingizwa mwilini. Sikio lenyewe na ubongo wenyewe hutoa umeme kila sauti inapopita, na mashine kazi yake ni kuusikiliza. Umeme wenyewe ni mdogo mno. Betri ya tochi ina volti moja na nusu; mawimbi yanayotoka katika shina la ubongo, yakinaswa juu ya ngozi, hayafiki hata sehemu moja ya milioni ya volti. Kwa hivyo sauti ile ile hurudiwa mara elfu moja, elfu mbili, na mashine hukusanya majibu yote ikayatafutia wastani. Fikiria mtu anakunong'onezea jetini wakati boti zimewasha injini. Mara moja huambulii kitu. Akirudia neno lile lile mara elfu mbili, ngurumo hujifuta zenyewe kwa sababu kila moja ina mpigo wake, na neno linabaki.

Na hapo ndipo lilipo sharti gumu: mtoto lazima alale. Akitafuna, akikaza shingo, akilia, umeme wa misuli yake hufunika kila kitu.

Tulipata rufaa ya Mombasa akiwa na miaka mitatu. Tuliagizwa tumcheleweshe kulala na tumwamshe mapema, ili akifika alale mwenyewe bila dawa. Tulimkesha mpaka saa sita za usiku, saa tisa tukamwamsha, tukavuka Mokowe gizani, tukapanda basi. Kabla ya kufika Witu kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Nilimtekenya, nilimpaka maji usoni, nilimsimamisha dirishani, abiria wakanisaidia kumchezesha. Tulipofika Garsen alikuwa amezama usingizini kama jiwe. Aliamka tunaingia Kilifi, macho makavu, kama mtu aliyelala usiku kucha. Tulipofika chumba cha kipimo alitaka kucheza. Tulikaa naye gizani saa mbili, nikampa maziwa, nikambembea, akanivuta pua na kucheka. Mpimaji alitusubiri mpaka mwisho wa zamu yake, kisha akasema kwa huruma kwamba itabidi turudi. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa baada ya wiki saba.

Waheshimiwa, hilo ndilo ninalowaombeni mlitazame kwa makini. Tunaambiwa huduma ipo, tunapewa rufaa. Ni kweli ipo. Lakini kipimo kinachomtaka mtoto awe na usingizi hakiwezi kuwekwa mwisho wa safari ya kilomita zaidi ya 300 inayomlaza njiani. Nimezungumza na wazazi wengine kutoka kisiwa cha Pate ambao safari yao huanza kwa boti kabla ya hii yetu ya basi kuanza. Wapo waliorudi mara moja tu kisha wakakata tamaa, na watoto wao hawajapimwa hadi leo.

Safari ya pili tulitangulia siku moja, tukalala kwa shangazi yangu Mombasa. Mtoto alilala mezani asubuhi. Mpimaji alimsugua paji la uso na nyuma ya masikio kwa dawa nzito yenye chembechembe kama mchanga laini, akambandika vibandiko vidogo vyenye waya, akamtia vipira masikioni. Nilipewa kimoja nisikilize: tk-tk-tk-tk, kama ukucha unaogonga meza kwa haraka. Kwenye kompyuta alinionyesha kwanza karatasi ya mtoto anayesikia, ili nijue natafuta nini. Ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde tangu sauti iingie, mstari unapanda na kushuka vilima vitano hivi, kilima cha kwanza kutoka kwenye neva, cha tano kutoka juu zaidi katika shina la ubongo. Hupunguza sauti hatua kwa hatua mpaka kile kilima cha tano kipotee, na hapo ndipo anapopajua mahali usikivu wa mtoto unapoishia, bila kumwuliza mtoto chochote.

Kwa mwanangu mstari ulilala. Akaongeza sauti, ukalala. Akaongeza mpaka mwisho, ukalala vile vile, isipokuwa mwanzoni kabisa, palipokuwa na mikunjo midogo kama mawimbi ya maji ya kina kifupi. Nilidhani ndiyo majibu yenyewe, nikaanza kushukuru. Mpimaji akabonyeza kitu, akageuza mlio: pale ulipokuwa unasukuma kiwambo cha sikio sasa ukawa unakivuta. Mikunjo ile ikageuka kichwa chini, miguu juu. "Umeona?" akasema. "Hii ni koklea yake inajibu. Inafuata sauti kama kivuli. Ingekuwa neva, isingepinduka hivi. Konokono mzima, mama. Njia ndiyo mbovu."

Nilikaa chini sakafuni, kwa sababu nilielewa yote kwa mara moja: taa ya kijani, punda wa leo na punda wa kesho, miaka miwili ya halua.

Hali hiyo ina jina lake katika udaktari na wataalamu wameieleza vizuri tangu miaka ya 1990. Sauti inaingia, lakini neva haipigi kwa pamoja, kwa hivyo ubongo unapokea kelele zisizo na umbo. Ni kama redio iliyokaa nje ya stesheni. Kuongeza sauti ni kuongeza mkwaruzo. Ndiyo maana vifaa vya kawaida vya kusikia huwafaa wengine wenye hali hii na wengine haviwafai, na ndiyo maana upasuaji wa kupandikiza koklea ya umeme huwasaidia wengi wao ingawa si wote. Kwetu upasuaji huo uko mbali na uwezo wetu. Tulichopata ni Lugha ya Ishara ya Kenya, na Alhamdulillah tumeipata. Mtoto ambaye kwa miaka minne alikuwa akinivuta nguo na kulia kwa sababu hana neno la "maji", leo ananieleza ndoto zake. Babu yake anajifunza ishara akiwa na miaka zaidi ya 70, vidole vigumu kwa kazi ya useremala, na mtoto humsahihisha.

Nasema hivi ili msidhani naomba mashine kwa kuuona uziwi kuwa aibu ya kufutwa. Viziwi wa Lamu ni watu wazima wenye kazi zao na heshima zao, na Katiba ya 2010 katika ibara ya 7 imeitaja lugha yao. Ninachodai ni wakati. Lugha ilimfikia mwanangu akiwa na miaka minne. Ingeweza kumfikia akiwa na miezi sita. Kanuni inayofuatwa na nchi nyingi ni rahisi kukumbuka: mtoto achujwe kabla ya mwezi 1, uchunguzi kamili ukamilike kabla ya miezi 3, na msaada, uwe kifaa au lugha ya ishara, uanze kabla ya miezi 6. Na mwaka 2007 kamati ya wataalamu wa Marekani wanaoshughulikia usikivu wa watoto wachanga ilitoa mwongozo kwamba mtoto aliyelazwa katika uangalizi maalumu wa wachanga zaidi ya siku 5 asipimwe kwa mwangwi peke yake. Apimwe kwa umeme, kwa sababu ya hatari hii hii. Mwanangu alilazwa 9.

Sitaki mfikirie ni suala la wachanga tu. Mjomba wangu ni nahodha. Alianza na sikio moja kujaa, kama aliyepiga mbizi maji yakabaki, kisha ngurumo ya upepo ndani yake, kisha dunia inazunguka saa mbili au tatu, anatapika, hawezi kushika usukani wala kutembea. Halafu inapita, na siku ya pili ni mzima, ila usikivu wa sikio lile unarudi umepungua kidogo. Alitibiwa malaria. Akatibiwa presha. Akasomewa, akafukizwa. Wenzake wakaacha kupanda chombo chake, na mtu aliyezoea kulisha nyumba tatu akawa anakaa barazani.

Daktari wa Paris, Prosper Menière, aliandika mwaka 1861 kwamba kizunguzungu cha namna hii hutoka katika sikio la ndani, wakati wenzake wakidhani ni maradhi ya ubongo. Mwaka 1938 madaktari wa London na wa Japani walionyesha kuwa maji ya sikio la ndani huwa yamezidi na kuvimbisha mifereji yake. Kuna kipimo cha umeme kwa hili pia. Mjomba aliwekewa uzi laini wenye waya uliolowa jeli, ukapelekwa ndani mpaka ukagusa kiwambo cha sikio. Anasema ulipogusa alisikia kama mlango umebishwa katikati ya kichwa, halafu basi, hakuna maumivu. Kutoka hapo mashine hutenganisha umeme wa koklea yenyewe na mshindo wa neva inapojibu. Maji yakizidi, ule wa koklea huongezeka ukilinganishwa na wa neva, na uwiano huo ndio daktari anaousoma. Kipimo hiki hakikati shauri peke yake. Husomwa pamoja na maelezo ya mgonjwa na kipimo cha kawaida cha usikivu. Tena huonyesha vizuri zaidi maradhi yakiwa moto. Mjomba alifika Nairobi mara ya kwanza sikio limetulia siku nyingi, majibu yakawa ya kawaida, akarudi Lamu akiambiwa hana kitu. Mara ya pili shambulio lilimkuta akiwa huko huko kwa mwanawe, na ndipo ilipoonekana. Sasa anatumia dawa, ameambiwa apunguze chumvi, na yeye aliyekula ng'onda kila siku ya Mungu ameiacha. Chombo hajakirudia, lakini walau jina la ugonjwa wake analijua.

Mtoto anayelala njiani na nahodha anayepona kabla ya kufika: vipimo hivi vyote vina wakati wake, na umbali wetu ndio unaoula wakati huo. Yupo na wa tatu, mtoto anayenusurika homa ya uti wa mgongo. Baada ya homa hiyo koklea inaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache, na ikishajaa, upandikizaji huwa mgumu mno. Huyo wiki saba za kungoja nafasi hana.

Najua swali litakaloulizwa kikaoni: Lamu ni kaunti ndogo, sensa ya 2019 ilituhesabu 143,920, je, mashine ya namna hiyo itapata kazi? Mimi nasema wachanga wanaolazwa chini ya taa ya buluu peke yao wanatosha kuipa kazi, sembuse wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, wanaotumia dawa zinazodhuru sikio, na watu wazima wenye kizunguzungu kisichojulikana. Wala hatuombi jambo la majaribio. Umeme wa sikio ulinaswa kwa paka mwaka 1930 na Wever na Bray huko Marekani. Vile vilima vya shina la ubongo vilielezwa kwa binadamu na Jewett na Williston mwaka 1971. Ni zaidi ya miaka 50. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuu ya usikivu ya 2021, lilisema watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa na usikivu, na kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa utotoni unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Hospitali ya rufaa ya kaunti iwe na mashine moja inayopima kwa mwangwi na kwa umeme pia; zipo zinazofanya yote mawili. Lakini mashine ni nusu ya kazi, na pengine nusu ndogo. Sote tumeona vifaa vilivyofika kwa sherehe vikaishia kufunikwa shuka. Apelekwe mtumishi wetu, mzaliwa au mkazi asiyetarajiwa kuhama kesho, akasomee kazi hii, na wa pili baada yake, ili mmoja akienda likizo chumba kisifungwe. Chumba chenyewe kiwe kimya, mbali na jenereta na feni kubwa, na waya wa ardhi ukaguliwe, kwa maana mashine inayosikiliza sehemu ya milioni ya volti itasikia kila hitilafu ya umeme wa jengo kabla haijamsikia mtoto. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma na waya mnavyojua. Mkataba wa matengenezo uandikwe siku ile ile ya kununua, usingoje iharibike. Vibandiko na jeli viwe katika bajeti ya kila mwaka kama glavu na sindano.

Halafu kuna jambo lisilohitaji fedha nyingi, linaloweza kuanza mwezi huu. Kila mchanga anayetoka wodini baada ya manjano iliyohitaji taa, baada ya siku 5 za kulazwa, au baada ya jentamisini, aandikwe katika kijitabu chake maneno matatu: "Apimwe masikio, umeme." Mama akijua mapema ataulizia. Mimi sikujua la kuulizia. Na wahudumu wa afya ya jamii waambiwe waache kutegemea makofi na mfuniko wa sufuria. Mtoto kiziwi ana macho makali na ngozi inayohisi mtetemo, atawageukia wote.

Mashine zenyewe siku hizi ni ndogo, nyingine huingia katika mkoba na kuunganishwa na kompyuta ya mkononi. Mara moja kwa mwezi mpimaji anaweza kupanda boti akaenda Faza, na mwezi mwingine Mpeketoni, Witu, hata Kiunga usalama ukiruhusu. Mtoto wa Kizingitini apimwe Faza, saa yake ya kulala, titi la mamake likiwa kinywani. Hiyo ndiyo dawa bora ya usingizi kwa kipimo hiki, na haiuzwi.

Afya ya kaunti iko mikononi mwenu kwa Katiba, Jedwali la Nne, na haki ya afya iko ibara ya 43. Makadirio ya bajeti hufikishwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Naomba kabla ya tarehe hiyo wizara itoe jibu la maandishi, libandikwe uwanjani Mkunguni na katika ofisi za wadi zote: mashine itanunuliwa mwaka upi wa fedha, nani atasomeshwa, na chumba ni kipi. Kama haitanunuliwa, mtueleze sababu, ili sisi wazazi tulete ombi rasmi bungeni kama sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inavyoturuhusu. Sahihi tumeshaanza kuzikusanya.

Siku ya kikao cha wananchi kuhusu bajeti nitakuja na mwanangu. Karatasi ya kipimo chake ninayo, nimeiweka ndani ya msahafu isikunjike. Mistari yake inaonekana wazi hata kwa asiye daktari: ile iliyolala, na ile midogo ya mwanzo, mmoja umesimama na mwingine umepinduka. Nitaomba dakika tano nizielezee. Kama mtakuwa na la kumwuliza yeye mwenyewe, nitawatafsiria.

Wenu katika kujenga kaunti,

Mama wa mtoto kiziwi na mwalimu wa chekechea,
Langoni, Lamu